Ngazi za Nyuma kwa Bwana Shamba

Halikuwa tuta. Nimesema mara ngapi? Ilikuwa ngazi, ngazi ya matofali na mabamba ya zege, nyuma ya nyumba ya Bwana Shamba, na nilikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakoroga zege. Wewe unayesema shemeji yangu aliwachimbia wazungu matuta, uliona nini? Uliona mteremko umekatwa, wekundu mtupu, kwa mbali, na kichwani una mkungu wa ndizi. Basi kaa nikueleze. Ukishanisikiliza unaweza kuendelea kubisha. Sina haraka, saruji yenyewe haijafika.

Shemeji ninayemsema ni mume wa dada yangu mkubwa. Mtu wa tambarare, upande wa Kingolwira, fundi mwashi. Alimpenda dada akapanda mlima kumfuata, akakaa kwetu. Na kwetu Uluguruni ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamume akioa akahamia, analima shamba la wakwe, anakula mahindi ya wakwe, na siku wakwe wakimchoka anachukua mwiko wake anashuka. Watoto wanabaki. Sisemi ni vibaya. Hata mimi nikioa nitakaa hivyo hivyo huko nitakakooa, na kwa mdomo huu sijui nitakaa muda gani.

Jambo la pili ni mkwe. Mama mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani, wewe mume wa binti yake unaingia majanini, unampa mgongo, unasubiri apite. Kuzungumza naye ndiyo kabisa, haiwezekani. Kama kuna neno, linapitia kwa mkeo au kwangu. Shemeji alikaa kwetu mpaka akapata watoto, akimjua mama yangu kwa miguu tu, jinsi inavyosikika ikipita nyuma yake.

Sasa, miaka ile serikali ya wazungu iling'ang'ania matuta. Kila mwenye shamba mlimani akate mteremko vipande vipande, kila kipande kilale bapa, kishike maji ya mvua yasibebe udongo. Wazee wakasema ule udongo mwekundu wa chini ukiuleta juu hauoteshi kitu, na maji yakishikwa sana mlima unalainika, unashuka wenyewe pamoja na nyumba yako. Watu wakaapa. Hakuna wa mlimani atakayeinua jembe kwa ajili ya tuta. Atakayeinua si mwenzetu.

Ndipo mke wa Bwana Shamba akataka mahali pa kunywea chai.

Nyumba yao ilikuwa pale mji unapokwisha na mlima unapoanza. Nyuma, bustani iliteremka kwa ukali, na chini kabisa palikuwa na kipande cha bapa chenye kivuli, kimezungushiwa ua wa michongoma. Memsahibu alikipenda kile kipande. Shida ilikuwa kufika. Alijaribu siku moja, majani yana umande, na sinia mkononi. Sinia lilifika kwanza. Akatafuta fundi, akaambiwa shemeji.

Wengi hawajui kwamba ngazi hujengwa kutoka chini kwenda juu. Mimi mwenyewe sikujua, nilianza kuchimba juu, shemeji akaninyang'anya sururu akaanza chini. Unakata mteremko, unashindilia kokoto, unasimamisha matofali mbele, unajaza nyuma, unalaza bamba juu. Ngazi inayofuata inakalia mkia wa ile ya chini yake, hivyo hivyo mpaka unafika mlangoni. Mabamba tulimwaga wenyewe kwenye maboksi ya mbao, tukayafunika magunia mabichi. Mambo haya hakuna aliyenifundisha darasani. Hata kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama, ndiyo maana habari nyingi nazijua mwanzo tu, mwisho ulikuwa na damu.

Shemeji alipoweka pimamaji juu ya bamba la kwanza, lile povu la ndani halikukaa katikati. Lilirudi nyuma kidogo. Nikamwambia umekosea, bamba limeinama mbele. Akasema, "Maji." Akaendelea. Nikamuuliza na hiki kimo cha ngazi kakitoa wapi, maana Memsahibu alikuwa hajasema kitu. Akafikiri sana kwa mtu anayejibu swali dogo.

"Njia ya mtoni kwenu," akasema. "Pale penye mizizi. Mama anaposhuka pale na mzigo, hatua zake hazibadiliki."

Nikarudi kukoroga zege bila kubisha. Jambo hilo kwangu ni nadra, anayenijua anajua.

Basi, kutoka juu mlimani, njia ya kwenda sokoni inapita mahali unapoiona nyumba ile yote kwa nyuma. Wanawake wakipita na mizigo waliona mteremko wa Bwana Shamba umekatwa vipande vipande, kila kipande kimelala, wekundu mtupu, na katikati yuko mkwe wetu ameinama. Wangefikiri nini? Habari za Memsahibu na chai yake hawakuzijua. Walichokijua ni tuta. Habari ikapanda mlima kabla yetu.

Tuliporudi, mjomba alikuwa amekaa uani. Mjomba ndiye msemaji wa ukoo, kaka yake mama. Shemeji akasalimia akapita, kwa sababu hakuambiwa akae. Mimi nikakaa bila kuambiwa. Mjomba akasema mume wa dada yako anawachimbia matuta, ukoo hauwezi kumlisha mtu wa namna hiyo, gulio la wiki hii likiisha ashuke kwao. Dada na watoto wanabaki.

Nikasema. Nilisema mambo mengi, na mengine yalihusu macho ya watu wanaotazama kazi ya wenzao kutoka kileleni. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mjomba alinisikiliza akichokonoa meno. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado. Akasema, "Maliza." Nikaendelea mpaka sauti ikakauka.

"Sawa, mpwa wangu," akasema. "Gulio likiisha ashuke."

Dada yangu alikuwa anapepeta mahindi pembeni. Yalishakuwa safi zamani, hapakuwa na kapi hata moja, akaendelea kuyapepeta.

Lakini mkwe wa mama hafukuzwi kama mama amekataa. Hilo mjomba alilijua, na mimi nililijua. Shida ni kwamba mama alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa amekubali. Shemeji hakuwa na jinsi ya kumwendea ajieleze. Nikaenda mimi. Nikamwambia mama, kesho ukishuka sokoni pitia kule ukaone mwenyewe. Akasema, "Nina njegere za kuuza." Nikaelewa kwamba amekataa, nikatoka nje nikampiga teke mti, ambao haukuwa na kosa.

Kesho yake tulikuwa tunamalizia. Ngazi yote imesimama, imebaki sakafu ya mabamba kule chini, mahali pa meza. Shemeji alikuwa chini amepiga magoti, anasawazisha mchanga. Mimi nilikuwa katikati nimebeba karai. Nikasikia nyuma yangu juu mtu anapumua. Nikageuka. Mama, kikapu cha njegere kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Shemeji hakuinua kichwa. Aliisikia ile miguu. Akasimama akatazama ua. Sasa fikiria hali ilivyokuwa. Njia ya kutoka pale chini ni moja, ni ile ngazi aliyoijenga mwenyewe, na juu yake anashuka mkwe wake. Kupishana haiwezekani. Kukaa uso kwa uso haiwezekani. Pande nyingine zote ni michongoma. Shemeji akaweka pimamaji chini taratibu, maana pimamaji ni kioo, kisha akaingia kwenye michongoma. Ikapasuka nguo, ikapasuka na ngozi. Akatokea upande wa pili.

Memsahibu alikuwa dirishani. Akauliza kwa Kiswahili chake fundi ana nini. Nikamwambia amekuja mkwe wake. Akauliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana, Memsahibu, ni heshima. Akatazama lile tundu kwenye ua wake kwa muda.

Mama akashuka. Kikapu hakikutikisika. Hakutazama miguu, alitazama mbele, kama anavyoshuka njia ya mtoni. Akafika chini, akageuka, akapanda mpaka juu, akashuka tena. Kisha akaniambia nilete maji. Nikaleta ndoo. Akashusha kikapu, akachukua ndoo, akapanda nayo mwenyewe hadi ngazi ya juu, akaimwaga yote.

Maji yakashuka. Bamba kwa bamba, yanadondoka mbele, hayakusimama popote, yakafika chini yakajichuja kwenye mchanga. Mama akainama, akaweka kiganja juu ya bamba moja. Palikuwa na unyevu tu.

"Tuta linashika maji," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwambie shemeji yako, hatua ya mwisho ya chini ni ndefu. Mtu mwenye mzigo ataanguka."

Shemeji alikuwa hatua chache tu, nyuma ya michongoma. Alisikia kila kitu. Hata hivyo nikageukia ua nikasema, shemeji, mama anasema hatua ya chini ni ndefu.

Ua ukatikisika. Kisha ukasema, "Mwambie mama, mabamba ya chini hayajalazwa. Yakilazwa, sakafu inapanda, hatua zote zinakuwa sawa."

"Mama, anasema mabamba ya chini hayajalazwa."

"Mwambie nimesikia." Akajitwika kikapu. Alipofika juu akasimama. "Mwambie njia ya mtoni, pale penye mizizi, na mimi nimezeeka."

Sikulirudia hilo. Halikuhitaji mtu wa kulibeba. Upande wa pili wa ua nilimsikia shemeji akijifuta pua, akasema miiba.

Jioni mama alimwambia mjomba neno moja, kwamba maji yalishuka. Mjomba akasema kama yalishuka, sawa. Hakushuka kwenda kuona, na mpaka leo hajaenda. Shemeji akabaki. Tulipotaka kuziba ule ua, Memsahibu akaamua tundu libaki, akatengenezewa kigeti.

Tangu hapo masika yameipiga ngazi ile na haijasogea. Matuta yenyewe serikali imeyaacha, watu wamesahau kwa nini walikuwa wanagombana. Hilo la shemeji tu ndilo hamjalisahau. Mnapita pale juu na mizigo yenu, mnanyoosha kidole, mnaambiana mkwe wa watu wale alichimba matuta. Na kule mtoni penye mizizi sasa pana ngazi ya matofali, mnaikanyaga kila siku mkichota maji, hamuulizi ya nani.

Mama yangu alikuwa na njegere za kuuza na bado alishuka, akaomba ndoo. Wewe ulimwaga maji?