Laini Tatu za Mama

Nilirudi kutoka Ghuba na vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyenipa: diploma ya mashine za baridi, niliyoisomea jioni baada ya kazi, na tabia ya kutonunua kitu kabla sijajua bei ya mwenzake. Kwa hiyo mwaka wa 2008 ulipokuwa unaisha, kampuni mpya za simu zikaingia na bei zikaanza kupigana, hakuna mtu Karagita nzima, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, aliyeielewa vita ile kama mimi. Wapangaji wenzangu, wengi wao wachumaji wa maua, waliugonga mlango wangu niwaambie waweke laini gani. Niliwaeleza. Hii inahesabu kwa sekunde. Ile inakula dakika nzima hata ukisema haloo tu na kukata. Hii ni rahisi, lakini ukipigia laini mwenzake peke yake. Ile wanaisifia intaneti, ila ukifungua picha moja, kredo imekwenda. Walinisikiliza mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Sikuona ajabu. Kwenye shamba la maua nilikofanya kazi nilikuwa fundi mkuu wa vyumba vya baridi vya kuhifadhia maua, na hata mameneja walinifuata kuuliza.

Lakini hesabu zile zote nilizifanya kwa ajili ya mtu mmoja. Mama yangu alikuwa akikaa peke yake nyumbani, juu kule Dundori, na kulikuwa na neno alilokuwa akinificha. Nilipomuuliza hali yake alisema, "Nitakuambia ukija. Hapa kuna masikio."

Masikio yenyewe niliyajua. Yalikuwa ya mama mdogo, mke wa ndugu ya marehemu baba, ambaye boma lake limetengana na letu kwa ua wa miti tu. Nilipokuwa ng'ambo, simu yake ndiyo niliyokuwa nikipiga nikitaka kuongea na Mama, na kila nililosema lilifika kanisani kabla Mama hajarudi nyumbani kwake. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichomnunulia Mama kilikuwa simu yake mwenyewe, mulika mwizi mpya kabisa, ile ndogo yenye tochi. Na bado, kila tulipoongea, nyuma ya sauti yake nilisikia kuku wa mama mdogo, redio ya mama mdogo, kikohozi cha mama mdogo.

Mama hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa akiniflashia: simu inalia mara moja, inakatika, nami napiga. Flashi zilikuja jioni tu, kukama kukishaisha. Mchana simu yake iliita mpaka ikachoka. Mwaka ule ulikuwa umeanza vibaya, kwa ghasia za baada ya uchaguzi, kila mtu wa Bonde la Ufa anajua, na tangu Januari simu isiyopokelewa ilikuwa inaniinua kwenye kiti. Nilizunguka chumba changu kimoja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shambani nilikagua feni ambazo nilikuwa nimezikagua asubuhi. Kwenda nyumbani hakukuwezekana kila nilipotaka. Ilikuwa msimu wa maua mengi, na Jumapili ya kupumzika ilikuja mara moja kwa mwezi.

Nikaamua kwamba shida ni network. Bila shaka kwake haishiki, ndiyo maana anakwenda kusimama kwa jirani. Jumapili yangu ilipofika nilipitia Nakuru mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza simu karibu na soko, nikamwomba laini tatu, moja ya kila kampuni niliyoiamini; ile anayotumia mama mdogo nilimwambia ni wizi.

"Boss, laini tatu? Uko na bibi watatu?"

"Ni za mama yangu."

"Mama mmoja, laini tatu. Huyo anaongea sana."

"Haongei. Ndiyo shida."

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Sasa laini ndiyo itamfundisha?"

"Mzee, haya ni mambo ya kitaalamu. Mimi nimesoma."

"Sawa, boss. Lakini laini hairudishwi."

Nyumbani nilitembea uwanja mzima nikiinua simu juu: zizini, kwenye tangi la maji, chini ya mparachichi. Mama alikaa kwenye kigoda chake akisikiliza nyayo zangu.

"Unatafuta nini kwa uwanja wangu, kama mtu wa kupima mashamba?"

"Network, Mama."

"Nani ameiiba?"

Laini mpya, ile ya bei ya chini kuliko zote, ilijaa network mpaka juu mlangoni pake penyewe. Nilifurahi kama niliyejenga mnara mwenyewe. Nikaiweka, nikaihifadhi namba yangu mahali pa kwanza, nikamwonyesha: bonyeza hapa, kisha hapa. "Nimeona," akasema. Akanimiminia chai mpaka ukingoni bila kumwaga tone.

"Sasa niambie lile neno. Hapa hakuna masikio."

"Kunywa chai. Umekonda." Na kabla sijasisitiza, mama mdogo akaita kutoka upande wa pili wa ua, "Mwarabu wetu amekuja na hatusalimii?" Mpaka nilipomaliza kusalimu, gari la mwisho la kushuka lilikuwa linapiga honi.

Kesho yake jioni, flashi. Nikapiga nikitabasamu. Nikasikia kuku. Nikasikia redio.

Nilibadilisha mpango wa malipo ya laini yangu, nikachukua ule wenye ujumbe wa bure, nikamwandikia Mama asubuhi na mchana. Nilimweleza asimame mlangoni kwake. Nilimweleza aache kwenda kwa yule mbea. Hakunijibu hata mmoja. Jioni kuku walikuwa pale pale. Wiki ile haikuwa imeisha nilipopasuka.

"Mama, toka kwa huyo mwanamke! Mlangoni kwako network imejaa!"

Sauti nyingine ikaingia kwenye simu.

"Huyo mwanamke ni mimi. Mwarabu wetu, unadhani ni nani anakubonyezea hii simu?"

Niliiondoa simu sikioni, nikaitazama, nikairudisha.

"Mama yako haoni namba. Hajaona namba tangu mahindi ya mwaka jana. Jioni anakuja hapa akipapasa ua, mimi nakuflashia. Simu inalala kwangu isipotee, na mchana mimi niko kulima. Na ujumbe wako nausoma mimi. Ule wa mbea nilimsomea mara mbili."

"Lete hapa," Mama akasema. Nilimsikia akivuta pumzi. "Ungenihamisha. Ungekuja na gari unipeleke kwa hicho chumba chako, nikae nikisikiliza majirani wakipika. Hapa najua kila jiwe."

"Hilo ndilo neno?"

"Ndilo."

Niliomba ruhusa shambani, na kwa kuwa vyumba vyangu vya baridi havijawahi kuharibu ua hata moja, nikapewa. Nilimpeleka Mama kwa daktari wa macho Nakuru. Ni mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili, na anaondolewa. Tukaandikishwa tungoje zamu yetu. Sikumhamisha. Na hesabu yangu bado naitetea: laini ile mpya ilikuwa rahisi kuliko zote, na anayebisha alete yake.

Nilipotoka hospitalini nilimkalisha Mama kwenye benchi la duka la yule mzee, nikaomba laini moja, yangu mwenyewe, ya kampuni anayotumia mama mdogo, niwe nikipiga kwenye simu yake.

"Hii? Siku ile ulisema ni wizi."

"Ni wizi. Nipe."

Akamtazama Mama, akanitazama mimi. "Ameanza kuongea?"

"Ameanza."

Jioni moja baadaye, nikiwa Karagita, simu ililia mara moja ikakatika. Nikapiga.

"Ngoja," mama mdogo akasema, akapunguza redio. "Nimeshamwita. Anakuja, ameshika ua."