Moyo Uliopimwa Ukiwa Umelala

Hiram Makokha wa Chwele aliwalimia watu mashamba kwa maksai miaka thelathini na minane, enzi ambazo mlimaji aliombwa kwa heshima na kupewa pombe ya busaa kabla ya kushika plau. Kufikia Machi 2004 trakta zilikuwa zimemaliza adabu hiyo. Alibaki na maksai wawili, na maumivu kifuani yaliyomshika kila plau ilipofika mfuo wa tatu shambani. Akisimama kidogo, yanaondoka.

Bintiye Nasambu, aliyeolewa Kitale, alimwekea sharti. "Papa, twende upimwe. Moyo ukiwa mbaya, maksai wanauzwa."

"Na ukiwa mzuri?"

"Sitafungua mdomo tena."

Katika kliniki ya Kitale walimlaza kitandani, wakambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni. "Tulia, mzee. Usiongee," akasema Daktari Wacuka. Hiram akatulia kama maiti. Mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogovidogo, vyote sawasawa.

"Hii ni nzuri," daktari akasema.

Nasambu akashusha pumzi. "Haya, papa. Hawauzwi."

Hiram alikuwa ameshinda. Mbona basi hakufurahi? Aliigeuza karatasi juu chini, akitafuta mfuo wake wa tatu. Haukuwamo.

"Daktari, kama ni nzuri, mbona inaniuma?"

"Inauma sasa?"

"Sasa inaumia nini, nimelala? Inauma nikilima."

"Hukuniambia hivyo."

"Si uliniambia ninyamaze?"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Sisi Chwele," Hiram akaendelea, "hatununui maksai aliyelala. Tunamfunga nira kwanza, tuone kama anavuta."

"Papa! Si amesema ni nzuri?"

"Mzee anasema kweli," daktari akajibu. "Mshipa wa moyo unaweza kuwa umebanwa, na karatasi ya mtu aliyepumzika isionyeshe. Nitakutuma Eldoret, upimwe ukitembea. Kabla ya hapo, usilime."

"Kwa hiyo ugonjwa ninao au sina?"

"Sijui bado."

Zamani hata mganga mwongo alikupa jibu. Huyu amesoma miaka yote hiyo, ana mashine, na hajui! Na bado Hiram alimwamini kuliko ile karatasi.

Nje, alimpa Nasambu karatasi aikunje. "Mpigie simu Festus, yule kijana anayeniongozea maksai. Nilimwambia awafunge nira kesho alfajiri. Asiwafunge."

"Kwani sasa tunawauza?"



"Sijui bado," akasema Hiram.