Tundu Katika Udongo wa Mfinyanzi

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa mpishi wa shule. Asubuhi moja walimu walionja chai, wakatazamana, na mwalimu mkuu akamwita kumuuliza kama siku hizi anachanganya kopo la sukari na la chumvi. Mpishi, mama wa makamo asiyependa kuonewa, alichota kikombe cha maji mabichi, akavuka uwanja, akaenda nacho moja kwa moja hadi nyumbani kwa mtu aliyekichimba kisima cha shule.

"Fundi," alisema mlangoni, "watoto wa darasa la kwanza sasa wamekula chumvi nyingi kuliko wewe. Hebu onja."

Mtu huyo walimwita Tabaka. Jina alipewa na wateja wake, kwa kuwa hakuweza kuchimba shimo bila kulieleza. Juu udongo mweusi, chini yake mchanga mweupe, halafu mchanga wa manjano wenye kutu, halafu mkanda wa makome yaliyobaki tangu bahari ilipokuwa imefika huku, na mwisho udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mzito, unaoteleza kama sabuni. Katika uwanda ule alikuwa amechimba visima arobaini na kitu, vyote kwa sururu, sepetu na ndoo. Waliomtania kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe aliwajibu, "Sasa nisipoingia, nani atachimba?"

Ule mfinyanzi ndio uliokuwa sheria yake. Maji ya mvua yalipenya mchangani yakashuka, yakakalia juu yake kama mchuzi kwenye sahani. Hayo ndiyo maji matamu. Chini ya mfinyanzi kulikuwa na mchanga mwingine na maji mengine, ya chumvi, yaliyofungiwa humo tangu enzi za bahari ile. Yalikuwa yamebanwa kiasi kwamba ukiyatobolea njia yanapanda yenyewe bila kuitwa. Baba yake, aliyekuwa mchimbaji vilevile, alimfundisha mapema: sururu ikigusa kijivu, simama, shukuru Mungu, panda juu.

Na wa kumpandisha alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Miaka ishirini na miwili Tabaka alikuwa chini na shemeji juu, ameshika kamba. Kamba ikivutwa mara moja, pandisha ndoo. Mara mbili, nitoe. Siku ukuta wa mchanga ulipoporomoka ukamfukia Tabaka hadi kifuani, shemeji alimvuta mpaka viganja vikachunika ngozi. Tangu siku hiyo Tabaka alisema mbele za watu kwamba ana ndugu wawili wa tumbo moja na mmoja wa kamba moja, na kwamba akilazimishwa kuchagua, atachagua wa kamba.

Basi alionja yale maji ya mpishi, akayazungusha mdomoni, akatema.

"Hii si chumvi ya kopo, mama," alisema. "Hii imetoka chini."

Siku ile alizunguka mtaa mzima na kikombe. Kisima cha fundi cherehani kilikuwa na chumvi kidogo. Cha mama muuza mkaa kilizidi. Cha mjane wa karani, karibu na reli ya zamani, kilikuwa hakinyweki. Kila alipoikaribia reli, chumvi ilikolea, na ng'ambo ya reli palikuwa na ukuta mpya wa kiwanda cha barafu.

Mahali pale alipajua. Miaka tisa nyuma, yeye na shemeji walichimba hapo penye kiwanda sasa, wakaupima mfinyanzi kwa kuchomeka ufito wa chuma, wakagundua kwamba, ambao kwingine kote una unene wa mita kumi na zaidi, hapo haufiki hata mita mbili. Waliogopa, wakaziba tundu la ufito, wakafukia shimo, wakakubaliana wasimwambie mtu. Waliojua walikuwa wawili tu.

Aliuzunguka ukuta hadi nyuma, na huko akakuta rundo la udongo uliotolewa na mtambo wa kuchimbia. Alichuchumaa akalichambua kwa vidole. Mchanga mweupe, wa manjano, makome, mfinyanzi kidogo, na juu ya vyote mchanga wa kijivu wa chini ya mfinyanzi, wenye harufu ya yai bovu, ambao tangu azaliwe aliuona mara moja tu, mkononi mwa baba yake.

Shemeji alikuwa ameacha kazi miezi minne iliyopita kwa maumivu ya mgongo. Tabaka alikuwa amempelekea dawa ya kuchua. Alikuwa hata amemkanda mwenyewe.

Alikwenda kwenye geti akamwambia mlinzi kwamba anamtaka shemeji yake. Aliomba moyoni mlinzi aseme hamjui mtu wa namna hiyo. Mlinzi akageuka, akaita, "Msimamizi wa maji! Una mgeni!"

Shemeji alitoka amevaa koti la kazi la buluu lenye nembo kifuani. Mgongo ulikuwa umenyooka kama mkuki.

"Umepona," Tabaka alisema.

Shemeji alitazama chini. "Shemeji, ngoja nikueleze."

"Nieleze kitu kimoja. Pale umewaonyesha wewe?"

"Wangechimba tu, niwepo nisiwepo."

"Wangechimba penye mita kumi, keekee ingekwama, wangechoka. Walikwama mara mbili, mtaa mzima uliwaona. Ya tatu wakaenda penye mita mbili kama waliooteshwa. Nauliza tena, ni wewe?"

"Walihitaji maji mengi ya kupozea mitambo," alisema shemeji. "Mitambo haijali chumvi. Nilidhani bomba lingeziba tundu."

"Ulidhani? Wewe?"

Hapo shemeji akainua uso, na upole wote ukamtoka. "Miaka ishirini na miwili nimekushikia kamba. Watu wanasema kisima cha Tabaka. Cha shule, cha Tabaka. Cha mjane, cha Tabaka. Kuna siku umesikia mtu akisema cha Tabaka na shemeji yake? Hapa nina cheo. Hapa wananisalimia."

Lile la jina lilikuwa kweli, na Tabaka hakuwahi kulisahihisha. Lakini ukweli ule haukuyatoa maji chumvi. Aliondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mkewe akichambua mboga. Alimsimulia, na kadiri alivyosimulia, vidole vya mkewe vilizidi kwenda polepole, hadi vikasimama.

"Mama watoto. Ulijua?"

"Nilijua amepata kazi. Habari za tundu sikujua, naapa. Aliniomba nisikwambie, alisema utaumia."

"Na mgongo?"

Mkewe alirudia kuchambua mboga.

"Nilikuwa namchua mtu mzima," alisema Tabaka, "na wewe umesimama hapo umeshika taa ya kunimulikia."

Juma lililofuata kukaitishwa mkutano shuleni. Kiwanda kilimleta mtaalamu mwenye miwani na ramani, aliyesema kwamba wananchi wanatia chumvi habari hii.

"Chumvi imeshatiwa, bwana!" mpishi alipaza sauti. "Sisi tunakunywa tu!"

Watu wakacheka. Mtaalamu hakucheka. Alisema visima vya mtaa vilichimbwa na mafundi wasio na elimu, bila shaka ndio waliotoboa tabaka la chini, na kama hawaamini, yupo mtu aliyefanya nao kazi. Shemeji akasimama na koti lake la buluu. Macho ya Tabaka yalikuwa juu yake, na moyoni bado alikuwa na tumaini dogo la kijinga, la mtu aliyezoea kuvutwa juu kila alipotikisa kamba.

"Tulikuwa tunakisia tu," shemeji alisema. "Hatukuwa na vipimo. Inawezekana tulitoboa."

Akakaa.

Watu waligeuka kumtazama Tabaka. Mjane wa karani alimtazama kwa namna ambayo hakuisahau. Tabaka hakujitetea. Alisema jambo moja tu, kwamba kesho asubuhi ataanza kuchimba kwenye kona ya uwanja wa shule, na kila kitakachotoka kitawekwa kwenye baraza ya shule kikiwa wazi, anayetaka kuona anasimama wapi aje.

"Na kamba atashika nani?" mtu akauliza.

"Nitashika mimi," alisema mpishi. "Masufuria ninayoinua kila siku ni mazito kuliko yeye."

Walichimba siku sita, mpishi na mlinzi wa shule wakiwa juu, pampu ndogo ikitoa maji. Kila Tabaka alipotazama juu, duara la anga lilikuwa na kichwa asichokizoea, na alijikuta akimkumbuka mtu yuleyule aliyemuuza. Hilo lilimkasirisha kuliko uongo wa mkutanoni.

Barazani magunia yalitandikwa kwa mpangilio, moja kwa kila futi: mweusi, mweupe, manjano, makome. Watoto walikuja kuhesabu makome. Siku ya sita sururu iligusa kijivu. Tabaka alisimama, akavuta kamba mara mbili.

Ofisi ya maji ilimtuma mpimaji, dada mmoja mwembamba asiye na maneno mengi. Alikagua magunia moja baada ya jingine. Akashuka mwenyewe kisimani, akaupapasa mfinyanzi, akaukuta mzima. Alikagua na visima vingine kumi na viwili. Vyote vilikuwa vimeishia juu ya kijivu. Kisha alipima chumvi ya kila kisima kwa kifaa chake, akiandika, hadi akafika kwenye ukuta wa kiwanda. Nyuma ya ukuta hakuhitaji kifaa. Alichukua konzi ya ule mchanga unaonuka, akamwonyesha mtaalamu wa miwani.

"Mlizungushia saruji kwenye bomba, maji ya chini yasipande pembeni yake?"

Mtaalamu alianza kuisoma ramani upya.

Mwezi uliofuata lile tundu lilizibwa kwa saruji toka chini hadi juu. Kiwanda kiliendelea na barafu zake kwa maji ya kuletwa na magari. Msimamizi wa maji hakuwa tena na maji ya kusimamia. Koti likarudishwa stoo. Mpimaji alimwambia Tabaka kwamba mvua zitasafisha mchanga taratibu, labda miaka minane, labda kumi na mitano. Kisima cha mjane hakijarudi hadi leo. Mjane mwenyewe alikuja kumwomba Tabaka radhi, naye Tabaka akaipokea, lakini siku alipokwenda kwa mjane, kikombe cha chai alichoandaliwa hakukimaliza.

Sasa Tabaka anachimba upande wa pili wa barabara, ambako mfinyanzi ni mnene na maji bado ni matamu. Mlinzi wa shule aliacha bunduki yake ya mbao akawa mshika kamba, na watu wakisema kisima cha Tabaka, Tabaka huwakatiza: "Changu na mlinzi." Mlinzi huona haya.

Shemeji hakuja kuomba msamaha, na Tabaka hakuwahi kumtuma mtu kuudai. Hukutana njiani mara mojamoja, husalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Mkewe huenda kumwona kaka yake kila Jumapili. Akirudi, Tabaka humuuliza kama huyo bwana ni mzima. Akiambiwa ni mzima, haulizi la pili.