Kila Mtu Alijua Mlango Umefungwa

Profesa wangu alitaka nifute sura ya tatu ya tasnifu yangu. Ilikuwa 2012, niko chuoni Durban, naandika kuhusu mantiki ya maarifa ya kikundi: jinsi ya kuonyesha kwa alama kile ambacho programu nyingi za kompyuta zinazofanya kazi pamoja zinakijua. Sura hiyo ilitenganisha mambo mawili. Kwanza, kila mmoja anajua. Pili, kila mmoja anajua kwamba wenzake nao wanajua, na wenzake wanajua kwamba yeye anajua, bila mwisho. Profesa alisema tofauti hiyo ni mapambo tu. Kama wote wanajua, aliniuliza, ukiwatangazia umeongeza nini? Nifute, au nitafute msimamizi mwingine. Nilitoka ofisini kwake damu inanichemka.

Kila Jumamosi nilikuwa napanga maboksi kwa kibarua kwenye ghala moja la Mobeni, eneo la viwanda la Durban. Mlango wa dharura ulifungwa kwa mnyororo na kufuli, eti tusiibe. Nani hakuuona? Lakini pale minong'ono ilifuata lugha. Wakongo na sisi Watanzania tulilalamika kwa Kiswahili huku kwenye rafu, Wazulu walilalamika kwa Kizulu kule kwenye malori. Sisi tuliamini wenyeji hawajali. Wao, nilikuja kuambiwa baadaye, waliamini wageni hatuthubutu kufungua mdomo kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Basi tukaendelea kufanya kazi tumefungiwa ndani, kila upande na hasira zake.

Siku moja waya ulishika moto karibu na rafu zetu. Tuliuzima, lakini moshi ulitutoa machozi. Wakati wa chai, wote tukiwa nje uani mbele ya mnyapara, nikapanda juu ya kreti. Nikasema kwa Kizulu changu kibovu, kisha Kiingereza, kisha Kiswahili, kwamba mlango wa dharura una mnyororo na sote tunajua. Niliogopa, ila kushuka sikushuka. Mnyapara alicheka, akauliza kuna asiyejua hilo.

Hakuna aliyecheka naye. Watu walikuwa wanatazamana, Wazulu na sisi wageni. Mkongo mmoja niliyepanga naye maboksi akaweka kikombe chini.

"Dada amesema," akamwambia mnyapara. "Hatuingii mpaka mlango iko wazi."

Dereva mmoja Mzulu akaja kukaa karibu yake, kisha wengine. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Alasiri kufuli likakatwa, na mimi nikafukuzwa kazi.

Nilirudi kwa profesa na sura ya tatu, ndefu kuliko mwanzo. Akarudia swali lake: tangazo liliongeza nini ambacho watu hawakukijua?

"Twende Mobeni, Profesa," nikasema. "Mlango uko wazi."

Akasema basi nitafute msimamizi mwingine. Nikatafuta. Sura ya tatu ipo maktabani hadi leo, na mfano wake wa kwanza ni mlango.