Afisa Aliyemkimbilia Mwananchi

Jumamosi nilikwenda soko la Kimironko kutafuta kitambaa cha shati, maana kifua kama changu hakitoshi kwenye shati la dukani. Nikamkuta bwana mmoja, ndiyo kwanza ameacha kazi ya serikali na kufungua kibanda cha vitenge. Ana tai shingoni na kalamu mfukoni, na tangu asubuhi hajauza hata kipande.

Mama mmoja akasimama, akashika kitenge cha njano.

"Baba, nataka hiki."

Bwana akamtazama juu ya miwani. "Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na mwili wangu!"

"Sawa. Kaa pale kwenye benchi, utaitwa."

Wallahi, nilicheka mpaka nikashika nguzo. Mama akaliangalia lile benchi tupu, akabeba kikapu chake, akaondoka.

"Mzee," nikamwambia, "mshahara wako ndio huo unaondoka!"

Hapo akashtuka. Akakwapua kitenge, akaruka benchi, akatimka katikati ya nyanya na viazi, tai ikipepea begani.

"Mama! Mama, nakuomba! Umeshaitwa!"

Soko zima likapiga makofi. Mama akacheka hadi machozi, akamtwika kikapu, wakarudi pamoja kukata kitenge.

Wananchi wakimkimbilia afisa nimewaona wengi. Afisa akimkimbilia mwananchi, ndiyo mara yangu ya kwanza, tena nilikuwa mstari wa mbele. Ninyi mlioko maofisini mnaoitamani biashara, karibuni sana. Ila mje na raba za kukimbilia.