Cherehani Nzima

Simu iliita juu ya meza, katikati ya bisibisi na kikopo cha mafuta. Fundi akaiangalia kama mtu anavyomwangalia nyoka aliyekatiza mlangoni: hakuinua mkono, wala hakuondoka. Ikalia mpaka ikachoka yenyewe. Ndipo akapumua.

Mtaani walimwita Kimya. Halikuwa jina la kumdhihaki. Lilimkaa tu, kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Kazi yake ilikuwa cherehani. Hakuwa mshonaji, maana hata kifungo cha shati alishonewa na mkewe. Yeye alitengeneza cherehani zenyewe. Alinunua zilizokufa kwa kutu, akazifungua, akaziosha kwa mafuta ya taa, akabadilisha kilichokwisha, akaziuza zikiwa zinakwenda kama maji.

Kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo katika duka la tajiri mmoja sokoni, mtu wa kufoka tangu kufungua mpaka kufunga. Akifokewa mbele ya wateja, Kimya alidondosha vitu, na akidondosha vitu alifokewa tena. Kilichomtoa huko ni simu. Mkewe alimfungulia ukurasa wa kuuzia mtandaoni, akampiga picha ya uso akiwa anacheka kidogo, akamwambia, "Haya, duka lako hili. Halina wa kukufokea." Na kweli. Unapiga picha ya cherehani, unaandika maneno mawili matatu, mnunuzi anatuma hela, mwendesha pikipiki anabeba mzigo. Hakuna kuvutana bei huku watu wanatazama. Kimya aliona kama dunia imekumbuka kuwaumbia waoga mlango wao.

Sasa kwenye mlango huo palikuwa na mtu anabisha.

Ilianza na ujumbe wa adabu. "Fundi, mzigo nimeupata. Lakini cherehani si nzima. Naomba unirudishie hela yangu."

Aliusoma mara mbili. Cherehani ile aliijua kuliko alivyojua vidole vyake. Aliijaribu kwa kitambaa chepesi, akaijaribu kwa jinzi iliyokunjwa mara nne, haikuruka hata mshono mmoja. Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Dada, cherehani ni nzima. Nimeijaribu kwa mikono yangu."

"Fundi, mimi nina macho. Hii si nzima."

"Ni nzima dada. Naapa."

"Unaapa? Kumbe ndiyo mchezo wenu."

Lau angeuliza swali moja, kwamba imepungua nini, mambo yangeishia hapo. Lakini mwoga haulizi; mwoga hujitetea. Na yule mwanamke, kila akijibiwa kuwa ni nzima, aliona anachekwa. Akaanza kupiga. Kimya hakupokea. Akapiga tena. Kimya akaigeuza simu kifudifudi, kana kwamba isipomwona haitamjua. Halafu ukaingia ujumbe uliomkausha mate: "Hupokei, sawa. Picha yako iko kwenye ukurasa wako. Nitaiweka kwenye kundi la wanunuzi, watu wakujue."

Kundi lile alilijua. Nusu ya wateja wake walitokea humo. Ukishaandikwa tapeli mle, hata ukigawa bure watu watauliza umeiba wapi. Ukurasa ungekufa, na ukifa, hakuna pengine pa kwenda ila kwa tajiri, kusimama tena nyuma ya ile kaunta na kusikia jina lake likiitwa kwa ukali mbele za watu. Alipowaza hivyo, bisibisi ilimtoka mkononi ikaanguka sakafuni, na hapakuwa na mtu wa kumfokea.

Mchana akaingia shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akiuza viatu mtandaoni na hakuwahi kuogopa kitu chochote chenye miguu.

"Shemeji, mbona umekaa kama kuku aliyenyeshewa? Dada yangu amekupiga?"

"Kuna mteja anataka arudishiwe hela."

"Wa kwanza? Hongera, sasa umekuwa mfanyabiashara." Akaivuta simu, akasoma juujuu, akafyonza. "Huyu mjanja. Ameshashonea kazi yake, sasa anataka hela na kazi. Mimi mmoja alinunua viatu, akavivaa harusini, akacheza mpaka kumekucha. Kesho yake ananiambia vinabana."

"Ulimrudishia?"

"Nilimwambia, kama usiku havikubana na asubuhi vimebana, basi kilichobadilika ni miguu. Nikamfungia kwenye simu. Na wewe mfungie."

"Nikimfungia si nitaonekana nimekimbia?"

"Ukirudisha ndiyo utaonekana umekosa. Leo huyu, kesho wanapanga mstari mlangoni. Na ukitanguliza hela, nani kakwambia cherehani utaiona? Mali ikishauzwa imeuzwa, shemeji. Hata mimi dada yangu tulishakuuzia, wala haturudishi hela."

Kimya alicheka kwa adabu, kinywa peke yake. Shemeji alipoondoka, aliishika simu, akamfungia yule mwanamke. Asingeweza tena kupiga wala kuandika.

Raha ile ilidumu muda wa chai kuchemka. Kabla hajaimimina, likamjia wazo jingine: sasa hata yeye hamwoni mteja wake. Alikuwa kama mtu aliyefunga mlango simba akiwa uani. Simba hajaondoka, wewe tu ndiye huna tundu la kuchungulia. Pengine wakati huo anaandika. Pengine amepata anwani kutoka kwa mwenye pikipiki. Pikipiki ilipopita barabarani, moyo wake ulipita nayo. Nyingine ikapunguza mwendo, akasimama nyuma ya mlango mpaka ikaenda. Akaziondoa cherehani zilizokuwa dirishani, akazipanga chini ya kitanda. Akafunga dirisha. Akakaa gizani mchana kweupe, chai ikapoa.

Mkewe alirudi kutoka kazini, jikoni kwa shule moja alikokuwa akipika, mikono bado inanuka vitunguu. Akasimama mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Dirisha limefungwa, na wewe umejikunyata kwenye kona. Sema."

Akasema. Alipofika pa kumfungia mteja, sauti ilishuka mpaka mkewe akamwambia arudie. Hakumgombeza. Alifungua dirisha, akaketi, akachukua simu, akasoma ujumbe wote tangu mwanzo, polepole, midomo ikicheza. Kisha akafungua tangazo lenyewe. Kimya alikuwa ameandika: "Cherehani nzima. Haina tatizo lolote." Juu yake ilikuwa picha.

"Na hii meza?" mkewe akauliza.

"Meza gani?"

"Hii hapa kwenye picha. Meza, miguu ya chuma, mpaka pa kukanyagia."

"Hiyo si yetu ile ya kujaribia? Vichwa vyote nivipigie picha wapi? Mimi nauza vichwa tu, mashine yenyewe bila meza. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

Kimya akaivuta simu, akaitazama picha upya.

"Mimi ningeona picha hii," mkewe akasema, "nikasoma cherehani nzima, ningengoja nini mlangoni? Ningengoja meza na miguu. Wewe ukapeleka kichwa kwenye boksi. Mtu kanunua kwako mbuzi mzima, umempelekea kichwa, halafu unamwapia kwamba ni mzima."

Akawa kama mtu aliyewashiwa taa kwenye chumba alimokuwa akijigonga. Miaka yote, kwa mafundi, nzima ilikuwa ile isiyo na ubovu, na mbovu ni mbovu. Kwamba neno hilohilo linabeba pia kitu kamili, chote, bila kupungua, alilijua tangu utoto. Hakulikumbuka tu alipokuwa akiandika. Hofu aliyokuwa nayo haikuondoka. Iligeuka. Kwanza aliogopa kusingiziwa; sasa aliogopa kwa sababu mwanamke yule alikuwa na haki.

"Mfungulie," mkewe akasema.

Alipomfungulia tu, simu ikalia kwa ujumbe, lakini haukutoka kwake. Ulitoka kwa shemeji. "Shemeji, huyu si wewe?" Chini yake palikuwa na picha, ile aliyopigwa akicheka kidogo. Juu ya paji la uso wake palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa nyekundu: TAPELI. Na chini ya picha watu walikuwa tayari wamekusanyika. "Anaonekana mpole, hao ndio wenyewe." "Kicheko hicho cha mwizi." "Nilitaka kununua kwake wiki hii, Mungu ni mkubwa."

Kimya akakaa kitandani. Shemeji hakungoja, akapiga, na mkewe akaweka sauti ya nje.

"Futeni ukurasa sasa hivi," shemeji akasema. "Afungue mwingine, jina jingine, asiweke sura. Baada ya siku chache wamesahau."

"Umesikia?" mkewe akamuuliza Kimya baada ya kukata. "Uso ni wako. Chagua."

Kubadili jina kulikuwa rahisi, na kulifanana naye kabisa. Lakini aliwaza kuishi akingoja siku mteja mmoja atakapomtambua, kila mzigo, kila pikipiki. Hofu ya leo angeimeza mara moja. Ile ingekuwa chakula cha kila siku. Akaichukua simu, akapiga mwenyewe.

"Dada, ni fundi."

Mwanamke akafyonza. Kisha: "Leo ndiyo unajua simu inavyotumika."

"Nimekosa. Niliandika nzima, maana yangu haina ubovu. Nimeuza kichwa. Picha ndiyo ilikuwa na meza." Akaendelea kabla hajakatwa. "Hela ipo, sijaigusa. Nakuletea mwenyewe, nichukue kichwa changu."

"Uje na nani?"

"Peke yangu."

"Mimi kaka yangu atakuwepo."

"Sawa," akasema, ingawa haikuwa sawa hata kidogo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Kaka mtu alisimama mlangoni, mikono kifuani, mpana kama kabati. Hakuitikia salamu, alisogea kidogo tu, na Kimya akapita ubavu. Moyoni alijisemea kwamba mlango ule ukifungwa nyuma yake, hana la kufanya. Ukafungwa.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Kichwa cha cherehani kilikuwa sakafuni juu ya kanga, na mbele yake palikuwa na nafasi iliyofagiwa, tupu, iliyopimiwa meza.

"Niliwaambia wateja wangu naanza wiki hii," akasema bila kumwangalia. "Kila ukisema nzima, nzima, nikasema huyu mtu ananicheka."

"Sikuwa nakucheka, dada. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Kaka mtu akaguna mlangoni, kicheko kikamponyoka akakikohoa. Mwanamke akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mimi nilidhani utakuja na watu," akasema. "Ndiyo maana nimemwita huyu."

Kimya akabonyeza simu yake, akikosea namba ya siri mara mbili. Simu ya mwanamke ikalia. Akasoma, akahakikisha, akashusha pumzi. "Basi. Ile nafuta."

"Usifute," Kimya akasema.

Wote wawili wakamgeukia. "Mzee, vipi?" kaka mtu akauliza. "Mtu anaondolewa aibu, anaikataa?"

Hakuwahi kuzungumza mbele ya wageni zaidi ya sentensi moja. Akashika ukingo wa kiti. "Waliosoma wameshasoma. Ukifuta, watabaki na lile neno peke yake, na wengine watasema nimekutisha. Iache. Andika chini yake yaliyotokea. Na kwamba nilikufungia, andika pia, maana ni kweli."

Mwanamke akafungua lile kundi kwenye simu. Kisha akakaa chini karibu na kichwa cha cherehani, akaandika, akampa asome. Alikuwa ameandika kwamba fundi amerudisha hela yote, kwamba waliteleza kwenye neno nzima, kwamba alimfungia kwa woga naye yeye akakimbilia kumtangaza. Maneno yakakaa chini ya uso wa Kimya, chini ya zile herufi nyekundu ambazo hazikutoka. Kimya akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Nikipata meza na miguu," akasema, "nikikupigia utapokea?"

"Nitaona," mwanamke akajibu. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Alirudi na kichwa begani, akipita barabara kubwa maana njia ya nyuma ilikuwa na matope. Kila aliyemtazama mara mbili, alijiuliza huyu ameona lipi, la juu au la chini. Nyumbani mkewe alikuwa ameketi na simu.

"Wameanza kujibu," akasema. "Wengine wazuri. Wengine wanasema umemhonga yule dada. Nikusomee wazuri?"

Kimya akatua kichwa juu ya meza, akavuta kiti karibu na simu, akakaa.

"Soma wote," akasema.