Sikio la Jenerali

Wenzangu mliokula vumbi la Kabuchai mtakubaliana nami: siku zile zetu mbwa hakuwa na taulo, hakuwa na kitanda, na akiugua alijilamba mpaka apone. Juzi hapa Kitale nilimkuta binti yangu Sharon amekaa kwenye veranda akimfuta kijibwa chake masikio kwa pamba nyeupe kuliko shati langu la harusi, na wivu ukanipanda mpaka kooni. Wivu kwa mbwa, bana! Mbwa huyo ana kadi ya kliniki, chanjo zote zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Yangu ya utotoni mama aliwashia moto.

Lakini mimi na wivu tumetoka mbali.

Nakumbuka boma la Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, lilivyozungukwa na miwa mirefu hata jua lilikuwa linaomba njia kuingia. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na ugali wa wimbi uliolala, ule unaokatwa kama tofali. Ijumaa kila mtoto alibeba ndoo ya kinyesi cha ng'ombe kwenda kusiliba sakafu ya darasa, na hakuna aliyelalamika kwamba ati kucha zake zitaharibika. Jioni tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa karatasi za nailoni, na ukipigwa nao mgongoni ulikaa na alama wiki nzima. Mwambie kijana wa leo abebe ndoo ile hatua kumi, utasikia, "Niaje, mzee, si mtafute mtu wa boda?"

Katika boma hilo niliishi na Naliaka, binti wa baba mkubwa, aliyenizidi kwa wiki mbili na kwa kila kitu kingine. Naliaka alisoma vizuri, aliimba vizuri, hata kuteka maji aliteka bila kumwagikiwa. Mbwa wa Kukhu alipozaa na wakabaki vijibwa wawili, kila mmoja wetu alipewa wake wa kulea. Wangu nilimpa jina la Jenerali. Wake, kwa sababu ya rangi yake, alimwita Mchuzi. Nilicheka mpaka nikalala chini. Mbwa wa kulinda boma, ati Mchuzi!

Kukhu akatupa sharti. Boma lake lilitosha mbwa mpya mmoja tu. Likizo ya Agosti ikifika, mwingine angepelekwa Endebess, kwa wakwe wa shangazi yetu aliyeolewa huko, kwa sababu walikuwa wameomba mbwa wa kulinda mahindi. Hakusema ni yupi ataenda. Mimi kwa akili yangu nikaona ni wazi kabisa: atakayebaki ni mzuri, atakayeenda ni takataka.

Basi nikaanza kazi. Kila siku baada ya shule nilimchukua Jenerali mtoni, nikamsugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia nilichokimega kwa mama, nikamzamisha mzimamzima, nikamtoa, nikamzamisha tena. Jenerali aling'aa. Nakuambia aling'aa hata kuku waliinamisha macho akipita. Mchuzi alibaki na vumbi lake, akijigaragaza kwenye majivu, na Naliaka hakujali. Kule kutojali kwake kuliniuma kuliko kama angeshindana nami.

Wiki ya tatu, Jenerali akaanza kutikisa kichwa. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Kisha akawa anatikisa akila, anatikisa akinywa, anakuna sikio kwa mguu wa nyuma mpaka anaanguka ubavu. Siku ya nne alikuwa anatembea ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea ukutani, na ukimgusa hapo analia.

Boma zima likageuka madaktari. Baba mkubwa alisema ni kupe, akachunguza, akamng'oa wawili, lakini kichwa kikaendelea. Kukhu alisema ni mbegu ya nyasi, zile zenye ncha kama sindano ambazo zikiingia sikioni zinasonga mbele tu, hazijui kurudi. Akaangalia, hakuiona. Jirani yetu muuza ugoro akashauri tumpulizie ugoro kidogo ndani, Kukhu akamwambia aanze na sikio lake mwenyewe. Mimi moyoni nilikuwa na jibu langu: Naliaka amemtupia Jenerali jicho. Kwa nini wake alikuwa mzima na wangu mgonjwa, na Agosti imebaki siku tisa? Niliacha kumsalimia. Hata alipomletea Jenerali maziwa, niliyamwaga.

Ndipo akaja bwana wa mifugo kuwachanja ng'ombe. Kukhu alipomaliza kumpa chai alimwomba amtazame na kijibwa. Yule bwana alipiga goti, akalikunja sikio nje ndani, akalichungulia, kisha akalinusa. Tulidhani amechanganyikiwa. Akatueleza bila haraka kwamba kinachomfanya mbwa atikise kichwa kinaweza kuwa kupe, kinaweza kuwa mbegu ya nyasi, au vidudu vidogo sana vinavyoacha uchafu kama unga wa kahawa. Wengine hata chakula fulani huwawasha. Lakini hili lilikuwa na unyevu, jekundu, na harufu ya uji uliochacha. Akasema njia ya sikio la mbwa imepinda ndani kama kiwiko. Maji yakiingia hayapati pa kutokea, sikio lenyewe limelala juu kama kifuniko cha sufuria, basi humo ndani kunachacha.

Kisha akauliza, "Nani anamwogesha huyu?"

Kukhu akatugeukia. Sabuni ilikuwa imeisha nyumbani wiki hiyo bila maelezo, na fimbo ilikuwa pale pale mlangoni. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilivihesabu vyote kumi, nikaanza upya.

"Ni sisi wawili, Kukhu," Naliaka akasema.

Hakuwahi kukanyaga mtoni na yule mbwa hata siku moja. Tulichapwa wote, viboko viwili viwili. Nami badala ya kushukuru, mwenzenu, nilimwonea wivu hata wa huo wema wake, kwamba ulimtoka haraka vile wakati mimi ulimi ulikuwa umeganda.

Bwana wa mifugo aliacha kichupa cha dawa ya matone, akakataza maji, akakataza kabisa kuingiza kijiti. Alitaka mtu mwenye mkono mwepesi wa kufuta kwa pamba asubuhi na jioni. Kukhu alitazama mikono yangu, akatazama ya Naliaka, akampa Naliaka kazi.

Agosti ikafika na Jenerali bado anatikisa kichwa, ingawa si kama mwanzo. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nimempoteza. Nilimfunga kamba shingoni mimi mwenyewe, huku nikilia, nikampeleka mbele ya Kukhu. Akanishangaa.

"Mwanangu, kwa wakwe unapeleka kitu chenye ila? Watasema tumewatumia ugonjwa. Anaenda yule mzima."

Wenzangu, hebu fikirieni. Kumbe tangu mwanzo aliye bora ndiye alikuwa wa kwenda. Kama maji yale yasingemdhuru Jenerali, ningemwosha mpaka Endebess. Mchuzi aliondoka siku hiyo, na Naliaka alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akaingia jikoni kumenya viazi. Machozi yalikuwa yanadondokea maganda.

Nilishinda, basi. Nilibaki na mbwa. Lakini Jenerali alikuwa ameshajua mkono uliomtoa maumivu. Sikio lilipopona alikuwa analala mlangoni kwa Naliaka, anamsindikiza shule, anamngojea. Nikimwita mimi alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwalimu wa shule nyingine. Miaka mitatu niliona wivu kila asubuhi.

Juzi Sharon aliona kijibwa chake kikitikisa kichwa mara mbili tu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ametoka kliniki na dawa. Hakuna jirani wa ugoro, hakuna fimbo mlangoni. Mbwa ni wake peke yake, anamfuata yeye peke yake, na mimi nikimwita hageuki. Namwonea wivu, sikatai. Lakini nilipokaa kumtazama akimfuta, veranda ilikuwa kimya. Hapakuwa na mtoto mwingine wa kumwambia wangu ni mzuri kuliko wako, wala wa kumwibia pamba, wala wa kusimama naye akiulizwa swali gumu. Alipomaliza alimpiga mbwa picha, akaituma mahali, akakaa anangoja simu imjibu.

Na hapo, mwenzenu, wivu wote nikamwonea yule mtoto mbaya wa Kabuchai, aliyekuwa na Naliaka na hakujua.